Taa za tahadhari zinawaka ovyo na vifaa vya umeme vinagoma kwa zamu: pima betri kabla ya kubadilisha kitu chochote

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu nimeona mara nyingi mno watu wakibadilishiwa sensa (vifaa vidogo vya kuhisi, kama kasi ya gurudumu), moduli (kompyuta ndogo za kuendesha kifaa kimoja kimoja) na hata kompyuta nzima za magari yao kwa hitilafu ambazo chanzo chake kilikuwa betri iliyochoka. Ninachotaka tukubaliane ni kimoja: betri ambayo bado inawasha injini si lazima iwe betri nzima, na hitilafu yoyote ya umeme inayohamahama kutoka kifaa kimoja hadi kingine ichunguzwe kuanzia kwenye betri, kwa kipimo na si kwa macho, kabla hamjafungua kitu kingine.

Yangu yalianza kwa jambo dogo. Baadhi ya asubuhi nilikuta saa ya dashibodi imejirudisha mwanzo. Siku chache baadaye kioo cha upande wa dereva kikaacha kupanda chenyewe kwa mguso mmoja, ikawa ni lazima nishikilie swichi mpaka kifike juu. Kisha taa ya usukani wa umeme ikawaka, ikafuatiwa na taa ya ABS (breki zisizoacha magurudumu yajifunge) na ile ya kuzuia kuteleza, zote kwa pamoja, mara tu baada ya injini kuwaka. Nikizima gari na kuliwasha upya, zinapotea. Fundi niliyempelekea alichomeka mashine ya kusoma kodi, yaani alama za hitilafu ambazo kompyuta za gari huzihifadhi, akakuta kodi ya sensa ya gurudumu, akabadilisha sensa. Siku ya nne taa zikarudi, na safari hii kodi ilisema kwamba mawasiliano na kompyuta ya ABS yamepotea. Nikaambiwa moduli ya ABS imekufa.

Kilichoniokoa ni kwamba moduli haikupatikana siku hiyo. Jioni nilifungua boneti, nikaweka ncha za multimita (kipimo cha umeme) juu ya vichwa vya betri, nikamwomba mke wangu apige stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, huku mimi nikiitazama namba. Ilikuwa volti 12.3. Stata ilipoanza kuvuta, namba ilianguka hadi 8.4, ikasita, ikapanda kuelekea 9 na kidogo, kisha injini ikawaka na namba ikaruka hadi 14.2. Kwa sikio hakukuwa na dalili yoyote, kwa maana stata ilizunguka kwa kasi ileile ya siku zote na injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Kesho yake niliweka betri nyingine, kodi zikafutwa, na huu ni mwaka wa pili hazijarudi. Sensa ya zamani, ambayo ilitolewa ikidaiwa kuwa mbovu, niliirudisha mahali pake baadaye ili nijiridhishe, na inafanya kazi mpaka leo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili hutokea, kwa sababu mtu akielewa sababu hatasahau vipimo.

Stata ya injini ya kawaida ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Katika sekunde ile ya kwanza kabisa, kabla haijaanza kuzunguka, huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Ikiwa ukinzani huo ni milioomu 6, ampea 150 zikipita zitapoteza volti 0.9 tu ndani ya betri yenyewe, na gari zima litabaki na volti za kutosha. Betri ikichakaa, ukinzani huo hupanda. Ukifika milioomu 20, ampea zilezile 150 zinapoteza volti 3, na kila kompyuta iliyomo ndani ya gari inabaki na volti 9 au pungufu. Stata haijali sana, kwa kuwa ni mota. Itazunguka polepole kidogo, na injini iliyo katika hali nzuri itawaka kabla hamjaona tofauti. Kompyuta ndizo zinazojali. Kila moja ina kidhibiti cha ndani kinachoshusha umeme wa gari kuwa volti 5 au pungufu zaidi kwa ajili ya prosesa na sensa, na umeme unaoingia ukishuka chini ya kiwango fulani, prosesa hujizima na kuanza upya ili isifanye hesabu za makosa.

Tatizo ni kwamba kompyuta hizo hazina kiwango kimoja. Moja hujizima mapema, nyingine huvumilia. Zote zinazungumza kupitia waya mbili za pamoja, mtandao unaoitwa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986, na kila moja inatarajia kusikia ujumbe wa wenzake mara nyingi kwa sekunde. Ile iliyojizima inanyamaza. Zile zilizobaki macho zinamwita mwenzao, hazipati jibu, zinaandika kodi ya kupotea kwa mawasiliano, yaani zile kodi zinazoanza na herufi U, kisha zinawasha taa. Kodi hiyo inasema kweli, ila inamtaja aliyeumia, si aliyeumiza. Fundi anayebadilisha kifaa kilichotajwa na kodi bila kupima umeme unaokifikia anamwadhibu asiye na kosa, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Hitilafu hizi haziishii wakati wa kuwasha. Usukani wa umeme na pampu ya ABS ni vifaa vinavyoweza kuvuta makumi ya ampea kwa mara moja. Mnapoegesha gari na kukata usukani huku injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini, peke yake inaweza isitosheleze, na betri ndiyo inayojazia pengo hilo. Betri iliyochoka haijazii. Ndiyo maana taa za mbele zinafifia kidogo unapokata kona ya maegesho, na ndiyo maana usukani unaweza kuwa mzito kwa sekunde moja kisha ukarudi kuwa mwepesi.

Vipimo vyenyewe ni vitatu na havihitaji mashine kubwa.

Cha kwanza ni betri ikiwa imetulia, gari limelala usiku kucha. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo ikijaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 iko kwenye robo tatu, 12.2 iko nusu, 12.0 imebakiwa na robo au karibu na hapo, na chini ya 11.9 ihesabiwe kuwa tupu. Betri za aina ya AGM (ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) husoma juu kidogo, karibu 12.8 zikijaa. Msipime mara tu baada ya kuzima injini, kwa maana kunakuwa na chaji ya juujuu inayodanganya. Kama hamwezi kusubiri, washeni taa za mbele kwa dakika mbili, zizimeni, subirini dakika chache, ndipo mpime. Na mkumbuke kwamba kipimo hiki kinaonyesha betri imejaa kiasi gani, hakionyeshi ina ukubwa gani uliobaki. Mtungi uliojaa mchanga hadi nusu ukitiwa maji mpaka ukingoni utaonekana umejaa, lakini mkichota vikombe vichache maji yamekwisha. Ndivyo ilivyo betri ambayo sahani zake zimeganda salfeti ya risasi: inasoma 12.6 asubuhi na inaanguka mara inapoulizwa kazi.

Cha pili ndicho chenye ukweli mwingi, nacho ni wakati wa kupiga stata. Kama multimita yenu ina sehemu ya kukamata namba ya chini kabisa, itumieni, kwa sababu anguko la kwanza hupita haraka kuliko kioo cha multimita kinavyobadilika. Betri nzima katika hali ya hewa ya wastani hubaki juu ya volti 10. Mstari unaotumika sana katika upimaji wa mzigo ni 9.6, ikishuka chini ya hapo ilhali ilikuwa imejazwa kikamilifu, betri hiyo imekwisha, hata kama injini inawaka kila siku.

Cha tatu ni injini ikiunguruma. Kwa magari mengi mtaona kati ya 13.8 na 14.7. Washeni taa za mbele, feni na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Namba itashuka kidogo kisha itulie. Magari mapya yenye alternata inayoamriwa na kompyuta hubadilisha namba hii makusudi, wakati mwingine yakishusha hadi karibu na 12.8 ili kuokoa mafuta au yakipandisha kuelekea 15 betri inapohitaji, kwa hiyo msiihukumu alternata kwa kuitazama mara moja.

Nakaribisha maswali na masahihisho, hasa kutoka kwa mafundi umeme.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, nashukuru kwa somo. Gari langu lina dalili karibu zote ulizozitaja, na juu ya hizo milango hujifunga yenyewe wakati mwingine ninapowasha. Hata hivyo betri yangu ina miezi minane tu, na ilipopimwa kwa kile kifaa kidogo kinachotoa majibu kwa karatasi, ilionekana kuwa nzima. Asubuhi inasoma 12.6, na ninapopiga stata haishuki chini ya 10.6. Je, niachane na habari za betri nitafute moduli ya milango?

Mwanzisha uzi

Ndugu, kwa namba hizo betri yako ninaiamini, lakini usinunue moduli bado. Umepima kwenye betri. Kompyuta zako hazikai kwenye betri. Kati yao na betri kuna temino (vibano vinavyoshika vichwa vya betri), waya mnene wa chanya, na waya wa ethi (wa upande hasi) unaofungwa kwenye bodi na mwingine kwenye injini. Kiungo kimoja kikiwa na kutu au kikilegea, kompyuta inaona betri mbovu hata kama betri ni mpya kabisa.

Anza kwa mikono. Shika temino uijaribu kuizungusha. Ikisogea hata kidogo, umepata kosa la kwanza. Ifungue uitazame kwa ndani, kwa sababu unga mweupe au wa kijani unaouona kwa nje si mbaya kama ile ngozi nyembamba ya kijivu inayojificha kati ya temino na kichwa cha betri. Isugue mpaka risasi ing'ae.

Halafu pima upotevu wa volti. Weka ncha moja ya multimita juu ya kichwa hasi cha betri chenyewe, si juu ya temino, na ncha nyingine kwenye chuma kisichopakwa rangi cha injini, kisha mtu apige stata. Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Waya mzuri utaonyesha 0.2 au pungufu, ukiona 0.5 na kuendelea, kuna kiungo kibovu. Rudia kati ya kichwa hasi na bodi. Kwa upande wa chanya pima kutoka kichwa chanya hadi kwenye skrubu nene ya stata, ukiwa mwangalifu mikono na waya viwe mbali na mikanda na feni.

Kipimo hiki hufanyika wakati mzigo unavutwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukipima ukinzani wa waya kwa kipimo cha omu gari likiwa limezimwa, waya uliobakiwa na nyuzi tatu utaonekana mzima, kwa sababu nyuzi tatu zinatosha kwa umeme mdogo wa multimita lakini hazitoshi kwa ampea 150.

Mchangiaji wa 3

Habari zenu wakuu. Nimekuwa fundi umeme wa magari kwa miaka mingi, na ninaunga mkono yaliyosemwa, ila naomba niongeze mambo mawili na onyo moja.

La kwanza, msifute kodi kabla ya kuzisoma kwa ukamilifu. Mashine nyingi za kupimia huonyesha hali ya gari wakati kodi ilipoandikwa, na mara nyingi volti ya mfumo imo humo. Nikikuta kodi sita kutoka kompyuta nne tofauti, zote zimeandikwa ndani ya sekunde zilezile, injini ikiwa na mizunguko ya kupigwa stata na volti ikiwa 8.9, sina haja ya kuendelea kusoma majina ya vifaa. Kodi P0562, yaani volti ya mfumo iko chini, ikiwa miongoni mwao, ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza hata kama imeandikwa mwishoni mwa orodha. Nazihifadhi zote, nazifuta, najaza betri au kuibadilisha, naliacha gari litumike siku kadhaa, kisha nasoma tena. Kodi inayorudi betri ikiwa nzima ndiyo hitilafu ya kweli.

La pili, alternata inaweza kuonyesha 14.2 nzuri kabisa na bado ikawa ndiyo inayozitibua kompyuta. Ndani yake kuna diodi zinazogeuza umeme wa kupishana kuwa umeme wa moja kwa moja. Diodi moja ikifa, mawimbi yanapenya. Wekeni multimita kwenye volti za AC, pimeni juu ya betri injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zimewashwa. Kwenye alternata nzima namba ni ndogo sana, mara nyingi chini ya 0.1; ikifika 0.5, diodi zitiliwe shaka. Betri nzima husaidia kulainisha mawimbi hayo, na ndiyo sababu diodi mbovu na betri mbovu vikikutana gari hufanya vituko ambavyo kila kimoja peke yake hakingevifanya.

Onyo langu ni kwa wale ambao bado huchomoa temino injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alternata inachaji. Tafadhali acheni kabisa. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiiondoa ghafla, alternata inaweza kurusha makumi ya volti kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha kuua kompyuta. Njia hiyo ilivumilika katika magari ya zamani yasiyokuwa na kitu cha kuungua zaidi ya balbu.

Mchangiaji wa 4

Samahani kwa kuingilia. Langu halina taa za ajabu, ila nikiliacha siku mbili bila kulitumia, nikipiga stata nasikia mlio wa ta-ta-ta-ta wa haraka, dashibodi inazima na kuwaka, halafu kimya. Nikibusti, yaani nikiazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, linawaka mara moja na linakuwa zima mpaka likae tena. Betri nimebadilisha mara mbili.

Mwanzisha uzi

Mlio huo ni betri isiyo na nguvu, na unafahamika kwa umbo lake. Solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, stata inaanza kudai ampea, volti zinaanguka, solenoidi inakosa nguvu ya kujishikilia na inaachia. Mzigo ukishaondoka, volti zinapanda, solenoidi inavuta tena. Dashibodi inazima na kuwaka kwa mdundo huohuo. Ungesikia mlio mmoja mzito tu wa "ko", huku taa zikibaki na mwanga wake, ningekuambia utazame stata yenyewe.

Kwa kuwa umebadilisha betri mara mbili na tatizo limebaki, kuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limelala. Kiasi fulani cha kunyonya ni halali, kwa ajili ya saa, king'ora na kipokezi cha funguo, na kwa magari mengi hakizidi miliampea 50 baada ya kompyuta zote kulala. Fanya hesabu nami: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 itachukua karibu siku 19 kufika nusu. Kitu kinachovuta miliampea 600, ambacho ni sawa na balbu ndogo ya buti isiyozimika, kinakula ampea-saa 14.4 kwa siku, na betri inafika nusu kwa siku moja na nusu tu. Hapo ndipo zilipo siku zako mbili.

Kukitafuta kunahitaji subira kuliko ujuzi. Fungua boneti na mlango wa dereva, kisha zifunge komeo zake kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Weka funguo mbali, hasa kama ni za kutumia ukaribu. Funga gari kwa rimoti na usubiri angalau nusu saa, kwa magari mengine saa nzima, kwa sababu kompyuta hulala moja baada ya nyingine. Ukiwa na mita ya kubana inayopima ampea ndogo za umeme wa moja kwa moja, ibane kwenye waya hasi wa betri na usome bila kufungua chochote.

Ukikuta namba kubwa, usianze kuchomoa fyuzi, kwa maana kila fyuzi unayoichomoa na kuirudisha inaamsha kompyuta na unaanza kusubiri upya. Badala yake weka multimita kwenye milivolti na uguse zile ncha mbili ndogo za chuma zilizo wazi mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Ile inayosoma hata sehemu ya milivolti inapitisha kitu, nayo inakuonyesha ni sakiti ipi ya kufuata. Vifaa vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani, yaani redio, kamera, kifuatiliaji na king'ora, ndivyo vya kushukiwa kwanza. Kwa uzoefu wangu ndivyo vilivyokuwa chanzo mara nyingi kuliko kitu kingine.

Na hizo betri mbili zilizopita hazikuwa mbovu uliponunua. Ziliuawa. Betri ya kuwashia haikutengenezwa ili iishiwe kabisa na kujazwa tena na tena. Kila inapolala tupu, salfeti inakuwa ngumu na sehemu ya uwezo wake haitarudi.

Mchangiaji wa 5

Je, habari hizi zinahusu magari ya haibridi? Langu lina betri kubwa ya kuendeshea, nami nilidhani suala la betri dhaifu halinihusu.

Mchangiaji wa 3

Zinakuhusu sana, ndugu. Betri kubwa hutengwa na gari kwa swichi nzito za usalama, na swichi hizo hufungwa kwa amri ya kompyuta zinazotumia betri ndogo ya volti 12. Ikidhoofika, utabonyeza kitufe, dashibodi itajaa taa, na gari halitaingia katika hali ya kuwa tayari, ingawa betri kubwa imejaa. Magari ya umeme kamili ni vilevile. Tena betri ndogo katika magari haya haizungushi stata, kwa hiyo ile dalili ya stata kuzunguka kwa uvivu, ambayo ingekuonya mapema, huna kabisa. Pima volti zake ikiwa imetulia kila baada ya miezi michache, na kumbuka kwamba mara nyingi imewekwa nyuma, chini ya zulia la buti au pembeni yake.

Mchangiaji wa 6

Wakuu, nimebadilisha betri jana kwa kufuata uzi huu. Taa nyingi zimekwenda, lakini sasa injini inatetemeka ikiwa kwenye mzunguko wa chini, vioo havipandi kwa mguso mmoja, na taa ya kuzuia kuteleza imewaka. Nimeharibu nini?

Mwanzisha uzi

Hujaharibu. Kompyuta zimesahau mambo ziliyojifunza betri ilipochomolewa. Kwa vioo, katika magari mengi unakishusha kila kimoja mpaka chini, unakipandisha mpaka juu na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache. Taa ya kuteleza mara nyingi inasubiri kujua usukani umenyooka wapi: kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, urudishe katikati, na uendeshe umbali mfupi ukiwa umenyoosha. Mtetemo wa injini kwa kawaida hutulia baada ya safari kadhaa kompyuta inapojifunza tena kiasi cha hewa, na kama haukutulia, kifuniko cha hewa (kile kinachofunguka kupitisha hewa iingiayo kwenye injini) kisafishwe na kipangwe upya kwa mashine.

Tazama pia kama temino yako hasi ina kisanduku kidogo chenye waya mwembamba. Hicho ni kisensa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Baadhi ya magari yenye kisensa hicho yanataka kuambiwa kwa mashine kwamba betri imebadilishwa, vinginevyo yataendelea kuichaji mpya kama ile ya zamani. Na siku utakapobusti gari la aina hiyo, waya hasi ufungwe kwenye chuma cha injini au cha bodi, si kwenye kichwa cha betri. Hivyo kisensa hakirukwi, na cheche ya mwisho inatokea mbali na betri, ambako gesi ya haidrojeni inaweza kuwapo.

Mchangiaji wa 2

Narudi na majibu kama nilivyoelekezwa. Kati ya kichwa hasi na injini nilipata 0.15. Kati ya kichwa hasi na bodi, stata ikipigwa, nilipata 1.9 na sikuamini, nikarudia mara tatu. Nilifuata waya wa ethi mpaka chini ya trei ya betri. Nati ilikuwa imekaza vizuri, lakini nilipoifungua, chini ya kijicho cha waya kulikuwa na rangi ya bodi na kutu ya kahawia iliyojaa duara zima, isipokuwa sehemu ndogo iliyokuwa ikigusa chuma. Nimesugua mpaka chuma cheupe, nimefunga upya na kupaka grisi juu. Sasa inasoma 0.06. Nilifuta kodi kumi na moja. Baada ya siku sita za kutumia gari, milango haijajifunga hata mara moja, na kati ya kodi zote imerudi moja tu: sensa ya gurudumu la nyuma kushoto.

Mwanzisha uzi

Hongera, ndugu, na asante kwa kurudi na namba. Hiyo moja iliyorudi sasa ichukue kwa uzito, kwa sababu umeme wake ni safi na bado inalalamika. Kabla ya kununua sensa, inua gari, uliegemeze kwenye stendi imara, ufuate waya wake kutoka kwenye kitovu cha gurudumu mpaka unapoingia kwenye bodi, na uukunjekunje kwa vidole pale unapopinda kila gurudumu linapopanda na kushuka, huku mtu mwingine akiitazama namba ya kasi ya gurudumu hilo kwenye mashine unapolizungusha kwa mkono. Ikikatikakatika, waya umekatika ndani ya gamba lake. Ikibaki sifuri muda wote, safisha plagi yake na upime tena ndipo uifikirie sensa yenyewe.